Mashua za Rimoti Kwenye Lambo

Belo la mitumba likikatwa kamba, harufu hutoka kabla nguo hazijafumuka. Ni harufu ya dawa ya nondo na ya nguo zilizosafiri muda mrefu bila hewa, na chini yake kabisa kuna harufu ya plastiki iliyokwisha kuchezewa na watoto wa watu wengine. Juzi nilikuwa napita sokoni Bariadi, kijana mmoja akakata belo lake mbele yangu, nami nikasimama katikati ya njia nimefumba macho mpaka mwenye mkokoteni akanitukana. Nilikuwa nimeshafika kwetu, kando ya lambo, namwangalia baba yangu mzazi akigombana na mashua yenye urefu wa mkono wake.

Nianze na ugomvi, maana bila huo hamtaelewa kwa nini wanaume wawili wenye wake, watoto na ng'ombe walikesha wiki nzima wakichezea midoli.

Baba alikuwa mhudumu wa mashine kwenye kinu cha pamba. Mjomba Jilala, kaka yake mama, alikuwa fundi wa kuchonga mitumbwi kule Nassa, kando ya ziwa. Baba alikuwa Mgalu, Mjomba alikuwa Mgika. Hayo ni makundi mawili ya ngoma, Bagalu na Bagika, ambamo sisi Wasukuma tumegawanyika tangu enzi za mababu, na kila baada ya mavuno hushindana. Hakuna jaji wala alama. Makundi yote mawili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji huamua kwa miguu yao: upande ukianza kuchosha, watu wanauhama wanakwenda kwa wenzao. Jua likizama, aliyezungukwa na watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo kila kundi huja na kituko lilichokificha, kitu cha kuwatoa watu upande wa pili.

Mwaka mmoja baba alichonga mwanasesere wa mti aliyeweza kuinua mkono na kuwasalimu watu kwa kamba iliyofichwa. Alimchonga kwa siri, nyuma ya ghala. Siku ya mashindano mwanasesere akainua mkono, watu wakashangilia, na hapo hapo upande wa Bagika akatokea mwanasesere anayeinua mikono miwili. Uwanja wote ukahama. Walibaki baba, mpiga ngoma wake na mbwa mmoja.

Baba akasema Mjomba ameiba wazo lake. Mjomba akajibu kwamba kama wazo lilikuwa la baba, nani alimkataza kuweka mkono wa pili? Tangu siku hiyo hawakusemezana. Baba akawa anamwita "yule wa Nassa," na Mjomba anamwita baba "yule wa kinuni." Mama akabaki katikati, mke wa mmoja na dada wa mwingine, akipokea lawama kutoka pande zote.

Ugomvi huo ungeweza kuwa wa kuchekesha tu, kama si dada yangu Milembe. Milembe alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mkula, mpole, mkulima wa mpunga, na alikuwa anampenda mpaka anasahau chumvi kwenye mboga. Wazee wa kijana walikuwa wameshatuma ujumbe kwamba watakuja kupanga mahari pamba ikishauzwa. Nyumbani kwetu mahari hayakupangwa bila mjomba wa binti. Mjomba asipokuwepo, wageni huelewa kwamba ukoo haujaridhika, wanaaga kwa adabu na hawarudi. Baba alisema hakai na mwizi. Mjomba alisema hakanyagi mji wa mtu aliyemwita mwizi. Milembe akaanza kukonda, na mama akaanza kufikiri.

Hizo zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kabla yake dukani kulikuwa na kiberiti na stori tu. Ghafla soko la Bariadi likajaa sabuni za kila rangi, redio kaseti zenye spika mbili, na wanunuzi binafsi wa pamba waliokuja na magari yao na mizani yao, mpaka wazee wakawa hawajui wamwuzie nani. Mama naye alipata mtaji kidogo akaanza kuuza mitumba. Belo la nguo za watoto mara nyingi lilikuwa na midoli ndani yake, na katika belo moja yalitoka magari ya rimoti, machakavu lakini mazima, kila moja na kidude chake cha kushika mkononi chenye mkonga wa antena wa kuvuta.

Baba alipoyaona alichukua moja akaligeuzageuza mkononi. Mwaka huo ngoma zilikuwa zichezwe uwanja wa kando ya lambo tunaponyweshea ng'ombe. Akamwambia mama, kwa sauti ya mtu aliyeona maono, kwamba atatengeneza mashua ya tanga itakayokwenda na kugeuka juu ya maji bila kuguswa na mtu.

"Yule wa Nassa amezaliwa kwenye maji," alisema. "Nitamshinda huko huko kwenye maji."

Mama alisema ni wazo zuri sana. Siku iliyofuata akanipandisha basi kwenda Nassa kumsalimia bibi, na katika salamu hizo akaniagiza nimwambie Mjomba kila kitu. Ndiyo, ndugu zangu, mvujishaji wa siri alikuwa mama mwenyewe. Nilirudi na jibu kwamba Mjomba naye anataka rimoti, ya kushinda ile ya baba.

Basi baba akaja kuchagua. Alijifanya anapita tu sokoni, mikono nyuma, kisha akachuchumaa mbele ya magari asiinuke tena. Kigezo chake cha kwanza kilikuwa urefu wa mkonga. Cha pili kilikuwa idadi ya betri, kwa sababu, alisema, rimoti inayokula sana ndiyo yenye nguvu. Akachagua kubwa kuliko zote. Mama akaiwasha, akabonyeza, gari likaenda mbele limenyooka. Akabonyeza kingine, likarudi nyuma huku likikata kona.

"Hili linageuka likirudi nyuma tu," mama alisema. "Mashua itakayogeuka mpaka irudi nyuma itakufikisha wapi? Tafuta yenye kitufe cha kwenda na kitufe cha kugeuza, kila kimoja peke yake. Kwa mashua unahitaji cha kugeuza tu, kwenda itakwenda na upepo."

Baba akakubali kwa uzito, kana kwamba ndiyo kwanza alikuwa anataka kusema hivyo. Akachukua ya wastani yenye vitufe viwili. Kwenye mkonga wake kulikuwa na kitepe chekundu. Nyingine zilikuwa na vitepe vya njano au bluu, na baba hakuvijali, alidhani ni mapambo ya Wazungu.

Mama alivijali. Kukaa sokoni na watoto wanaojaribu kila kitu na wasionunua chochote kulimfundisha jambo moja: rimoti mbili za kitepe cha rangi moja zinasikilizwa na magari yote mawili. Ukibonyeza hii, na lile la mwenzako linageuka. Baba alipoondoka, mama aliinama akapekua lile rundo, akaziruka za njano na za bluu, akatoa nyingine yenye kitepe chekundu, akaitia pamoja na gari lake kwenye mfuko wa lailoni.

"Hii ya mjomba wako," alisema.

"Mama, mbona ni nyekundu na ya baba ni nyekundu?"

"Kabula, shika mfuko."

Nikashika mfuko.

Kazi ya baba niliiona kwa macho yangu. Alivua gari bodi na magurudumu, akabakiza ile mitambo midogo, sanduku la betri na kile kimota kinachogeuza magurudumu ya mbele. Mota ya nyuma aliikata waya, akisema upepo haununuliwi. Akachonga mashua kwa mbao laini, akaifunga mitambo kwenye lailoni na kuiziba kwa nta ya mshumaa isiingie maji, kisha akaunganisha kimota na usukani kwa spoku ya baiskeli. Waya wa kupokea mawimbi ya rimoti aliupandisha kwenye mlingoti. Tanga lilitokana na gauni la kulalia la mtoto, la mtumba, lenye michoro ya bata wa njano. Baba alitaka kitambaa cha heshima zaidi, mama akasema heshima imeisha kwenye belo.

Mara ya kwanza kuijaribu kwenye karai, mashua ililala ubavu. Baba akainyanyua, ikalala ubavu wa pili. Akaitundikia chini nati kubwa kutoka kinuni, ikasimama. Akabonyeza kushoto, usukani ukaipeleka kulia. Siku nzima alishikilia kwamba kosa ni la mikono yangu niliyeshika karai, mpaka jioni akahamisha spoku upande wa pili. Kazi yangu mimi ilikuwa betri. Zilizochoka nilizianika juu ya bati zipate jua ziamke, nikizigeuza kama makopa ya muhogo.

Kuhusu mashua ya Mjomba, niliiona kwa mara ya kwanza siku yenyewe. Ilikuwa nzuri ya kuumiza roho. Alikuwa ameichonga kama mashua kamili, na tanga lake lilikaa vizuri kwenye upepo bila kusumbuliwa. Lakini Mjomba hakuwa mtu wa kufungua vitu vya umeme. Alilitia gari zima ndani ya mashua, na magurudumu yake, akafunga kamba kutoka gurudumu la mbele mpaka kwenye usukani. Magurudumu yalitokeza juu, na akibonyeza, yaligeuka mbele za watu bila aibu.

Siku hiyo watu walikuja hata kutoka mbali kama Nkoma. Bagalu walikaa upande mmoja wa uwanja, Bagika upande mwingine, na katikati likaachwa pengo la watu kuhamia. Mganga wa upande wetu akamfungia baba hirizi ya kuvutia watu juu ya mlingoti. Hirizi ilikuwa nzito, mashua ikainama kidogo, lakini hakuna aliyethubutu kuifungua. Makubaliano yalikuwa mashua zianzie mwanzo wa tuta la lambo, zifuate tuta hilo mpaka kwenye mti uliochomekwa majini upande wa pili. Rimoti hizo zilifika mbali kidogo tu, hivyo ilibidi wenye nazo watembee juu ya tuta, sambamba na mashua. Tuta lilikuwa jembamba. Baba na Mjomba wakajikuta bega kwa bega, kila mmoja akitazama mbele, na mimi nimewekwa katikati yao nibebe betri za akiba za baba, ambazo kwa kweli zilikuwa zile zilizochoka kabisa.

Milembe alisimama na mama chini ya tuta, ameshika kitenge kwa mikono miwili. Kila mtu pale alijua kwamba wazee wa Mkula wangekuja wiki inayofuata.

Mashua zikaachiwa. Upepo ukazipokea. Baba akabonyeza kushoto, na mashua zote mbili zikaenda kushoto. Mjomba akabonyeza kulia, zote mbili zikaenda kulia. Wakabonyeza kwa pamoja, mashua zikaanza kutetemeka usukani kama zimepandwa na pepo, kisha zikazunguka pale pale, polepole, zikitazamana.

Uwanja ukalipuka. Bagika wakapiga kelele kwamba dawa ya Bagalu imeiteka mashua yao. Bagalu wakapiga kelele hiyo hiyo. Mganga wetu akajipa sifa papo hapo, mganga wao naye akajipa. Watu waliotaka kuhama walifika kwenye pengo la katikati wakakwama, kwa sababu kilichofanywa na mashua ya huku kilifanywa na ya kule. Nilimtazama mama. Alikuwa anaangalia mawingu.

Baba alikuwa mtu wa mashine. Aliinua kidole, akaangalia, akabonyeza tena, akaangalia. Akaelewa. Kisha akasema, bila kugeuza shingo, "Kabula, mwambie mjomba wako aache kubonyeza, mimi nigeuze kwanza."

"Mjomba, baba anasema uache kubonyeza yeye ageuze kwanza."

"Mwambie baba yako mimi ndiye ninayejua upepo. Aache yeye."

"Baba, Mjomba anasema..."

Hata sijamaliza, mashua zimeshafika kwenye matete. Nikapeleka ujumbe, nikarudisha jibu, na kila jibu lilipofika lilikuwa la mahali ambapo mashua ziliondoka zamani. Nilikuwa nahema. Watu wakaanza kucheka. Mashua ya Mjomba ikaanza kuelekea kwenye kisiki kilichochongoka, ile mashua nzuri, na magurudumu yake yakihangaika huku na huko, na hapo baba akasahau.

"Jilala, achia! Jilala! Achia, itavunjika!"

Mjomba akaachia. Baba akabonyeza, mashua zote mbili zikakwepa kisiki kwa upana wa kiganja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wale wanasesere baba kulitaja jina lile. Chini ya tuta mama aliketi ardhini ghafla, na Milembe akaketi naye.

"Haya, zamu yangu," Mjomba alisema. "Upepo unatoka mlimani. Zikiachwa hivi zitalala."

"Geuza basi. Mimi nimeachia."

Wakaanza kupeana zamu. Baba alijua mitambo, hakujua tanga, na Mjomba alijua tanga, hakujua mitambo. Mmoja akikosea, wote wawili walikosea, kwa hiyo ilibidi waelewane. Walibishana njia nzima, kwa Kiswahili wakianza na kwa Kisukuma wakikolea, kila mmoja akimwita mwenzake mjinga, shemeji mjinga, na mimi sikuwa na kazi tena.

Nikiwa pale katikati, kimo changu kikiwa sawa na mikono yao, niliona jambo. Tulikuwa karibu nusu ya tuta. Ilikuwa zamu ya Mjomba. Mjomba alisema kwa sauti, kama mafundi wa mitumbwi wanavyozungumza na chombo, "Kulia kidogo. Basi. Sasa kushoto." Nikaona kidole gumba cha baba, chini ya pindo la koti lake, kinabonyeza. Zamu iliyofuata ya Mjomba, kikabonyeza tena. Baba alikuwa anaingilia zamu isiyo yake, na uso wake umetulia kama wa mtu aliyeko kanisani. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nampenda baba, na niliona heri nimfichie udanganyifu wake.

Hazikufika kwenye mti. Ng'ombe mmoja mwenye kiburi aliwatoroka wachungaji, akaingia majini kunywa, na mashua zote mbili zikaenda kumgonga mguu wa mbele, moja baada ya nyingine, milingoti ikanasana. Ng'ombe akainusa hirizi ya mganga, akaitafuna. Baba na Mjomba wakaingia majini na suruali zao kuzinasua, wakalaumiana huko huko ndani ya maji. Watu wote walikuwa wamejazana kwenye pengo la katikati, na mpaka leo ukimuuliza Mgalu atakwambia tulishinda, ukimuuliza Mgika atakwambia walishinda wao.

Jioni hiyo Mjomba alikula kwetu, amevaa suruali ya baba iliyomwishia juu ya vifundo vya miguu. Wiki iliyofuata wazee wa Mkula walikuja, wakakuta mjomba wa binti ameketi karibu na baba wa binti, na wote wawili wakawageukia wageni kwa ubishi ule ule wa kwenye tuta. Walitoka jasho wazee wale. Lakini Milembe aliolewa.

Kwa miaka mingi nilidhani nimeielewa siku hiyo yote. Mama alichagua vitepe viwili vyekundu, wanaume wawili wakanaswa, hadithi imekwisha. Mama mwenyewe aliisimulia hivyo, kwa majivuno, mpaka uzeeni.

Baba alipofariki nilikwenda Nassa kukaa na Mjomba siku chache. Alikuwa mzee sana, haoni vizuri, lakini anakumbuka kila ubao aliouchonga. Tulikuwa tunakunywa chai nje, tukiikumbuka siku ya lambo, tukicheka. Nami nikaona sasa naweza kusema, kwa kuwa mwenyewe hayupo.

"Mjomba, baba alikuibia siku ile. Nilimwona. Kwenye zamu zako alikuwa anabonyeza yeye."

Mjomba aliacha kucheka. Akaweka kikombe chini.

"Ng'wanawane, mwanangu," alisema, "rimoti yangu ilikuwa imekufa. Betri zilikwisha hata nusu ya tuta hatujafika. Nikaona nikisema, Bagalu wote watanicheka, na baba yako atashika njia yake. Basi nikaendelea kuibonyeza imekufa hivyo hivyo. Nikasema kulia, kwa mdomo tu. Ikaenda kulia. Nikasema kushoto, ikaenda kushoto. Nikamwangalia shemeji yangu. Yeye anatazama maji."

"Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Nilisema kulia tena."

Nililia pale pale, kikombe kikiwa mkononi. Nilikuwa nimemfichia baba yangu miaka yote hiyo kosa ambalo hakulifanya. Alikuwa anamwendeshea shemeji yake mashua mbele ya uwanja mzima, kila alipoagizwa, na alikufa bila kumwambia mtu. Mjomba hakuninyamazisha. Alinyoosha mkono akapapasa mpaka akalipata bega langu, akauacha hapo.